Kitochi na simu janja za mwanzo: jedwali la sifa linakosea wapi?

Kuna ubishi ambao bila shaka umeshausikia, iwe kwenye daladala, kijiweni au pale kwa fundi simu ukisubiri kubadilishiwa kioo. Mmoja anasema simu za zamani ndizo zilikuwa simu: inadondoka, unaokota betri huku na kava kule, unaunganisha, unaendelea na maongezi yako. Mwingine anamcheka. Hiyo simu yako ilikuwa inafanya nini zaidi ya kupiga na kupokea? Kisha anatokea mtu wa tatu, mara nyingi mwanafunzi wa sayansi kama mimi, anataja sifa: kamera megapikseli ngapi, skrini inchi ngapi, betri miliampia ngapi. Ubishi unaishia hapo, maana nani abishane na namba?

Leo nataka kubishana na namba. Sisemi kwamba ni za uongo. Ninachosema ni kwamba jedwali la sifa hupima vilivyomo ndani ya simu, na mengi ya muhimu kwenye simu yako hayamo ndani yake. Yako mnarani, kwenye laini, kwenye vidole vyako, na kwenye mfuko wa anayelipia chaji. Nilijifunza hili kwa gharama ya mama yangu, na nitakusimulia huko mbele.

Ili tusiongee hewani, tuchukue simu tatu. Ya kwanza ni Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile yenye tochi kichwani, ambayo kwa sisi Watanzania imekuwa mama wa vitochi vyote na Wakenya wakaiita mulika mwizi. Iliuzwa zaidi ya milioni 250, na simu ya bilioni moja kuuzwa na Nokia, mwaka 2005 kule Nigeria, ilikuwa hiyohiyo 1100. Ya pili ni iPhone ya kwanza, ya 2007. Ya tatu ni Huawei IDEOS, Android ya bei nafuu iliyotangazwa 2010 na kuingia Kenya mwaka uliofuata, ikawa simu janja ya kwanza kwa watu wengi waliodhani simu za kupangusa ni za wakubwa tu.

Tuanze na pale ambapo jedwali liliumbuka mapema kabisa. Mwezi Machi 2007 Nokia ilikuwa imeingiza sokoni N95. Kamera megapikseli 5, GPS, intaneti ya 3G, kamera ya mbele ya kupigia video. iPhone iliyofuata Juni mwaka huohuo ilikuwa na kamera ya megapikseli 2 isiyoweza hata kurekodi video. Haikuwa na GPS. Haikuwa na 3G. Haikuweza kunakili neno na kulibandika mahali pengine mpaka 2009, na duka la programu halikuwepo mpaka Julai 2008. Weka hizo mbili kwenye jedwali, N95 inashinda kila mstari kati ya hiyo. Lakini unajua nani alibaki.

Kwa nini? Kwa sababu jedwali halikuwa na mstari wa jinsi skrini inavyokuitikia unapoigusa. Kupangusa orodha ya majina ikateleza kama karatasi juu ya meza, kutanua picha kwa vidole viwili: hayo ungeyaandika kwenye safu gani? Kwa hiyo anayekuambia IDEOS ni bora kuliko 1100 kwa kuwa ina pikseli 76,800 na 1100 ina 6,240, mkumbushe kwamba jedwali la namna hiyohiyo lilimpa N95 kombe.

Sasa chaji, maana hapa ndipo wapenzi wa vitochi wanapotamba. "Kitochi kinakaa wiki mbili!" Ni kweli, lakini hebu tupige hesabu pamoja, kwa sababu na wao wanatudanganya kidogo.

Betri ya 1100 ilikuwa ya miliampia-saa 850, na kiwandani waliahidi hadi saa 400 ikiwa imekaa tu bila kutumika. Gawanya 850 kwa 400, unapata miliampia 2 na kitu. Kiasi kidogo mno. Inawezekanaje? Kwa sababu simu ya GSM iliyotulia huwa imelala. Inaamka kila baada ya nusu sekunde hadi sekunde mbili hivi, inasikiliza mnara kama kuna mtu anaitafuta, ikikuta kimya inalala tena. Skrini yake nayo haili chochote cha maana, maana ni ile ya rangi moja inayotumia mwanga wa nje kuonekana. Ndiyo maana uliweza kuisoma saa saba mchana juani bila kuikinga kwa mkono. Simu janja za mwanzo zilikuwa na skrini zinazotoa mwanga wake zenyewe, na ukilipambanisha balbu lake na jua la pwani, balbu linashindwa.

Chukua iPhone sasa. Betri miliampia-saa 1400, ahadi ya saa 250 ikiwa imetulia. Hiyo ni miliampia 5.6. Imezidi, ndiyo, ila si ule mzidisho wa mara thelathini unaotajwa vijiweni. Na kwenye kuongea mambo yanageuka: 1100 iliahidiwa saa 4 na nusu hivi kwa ubora wake, iPhone saa 8. Ukigawanya tena utakuta zote mbili zinakula kati ya miliampia 170 na 190. Karibu sawa! Unapoongea, mlaji mkubwa ni redio inayorusha sauti yako mpaka mnarani, na redio zote mbili zilikuwa za kizazi kilekile cha 2G. Mnara haujali kama umeshika simu ya elfu thelathini au ya milioni.

Tofauti iko wapi basi? Iko kwenye intaneti. Apple wenyewe walisema saa 6 za kuperuzi, yaani miliampia 230 na zaidi. Kwenye simu za 3G kama IDEOS kukawa na mkia: ukishatuma au kupokea kitu, redio haizimi papo hapo, inabaki macho sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna kingine. Sasa weka programu tano zinazochungulia mtandao kila dakika chache hata ukiwa umelala. Redio haipati usingizi. Betri ya IDEOS ilikuwa ya 1200. Ukiimaliza kwa saa 16 za mchana, wastani ni miliampia 75.

Kwa hiyo anayelinganisha kitochi cha wiki mbili na simu janja ya siku moja analinganisha simu iliyolala na simu inayofanya kazi. Siyo haki. Lakini, na hapa nawarudia wenzangu wa jedwali, kule ambako umeme hauko nyumbani na kuchaji unalipia dukani, hiyo "simu inayofanya kazi" ni bili ya kila siku badala ya bili ya kila wiki. Hakuna mstari wa bili kwenye jedwali.

Kuhusu kudondoka sitakaa sana. 1100 ina gramu 86, iPhone ya kwanza 135. Zikianguka kutoka mita moja zinafika chini na nishati ya jouli 0.84 na 1.3. Tofauti siyo kubwa kihivyo. Siri ya kitochi ni kwamba kilikuwa na kibali cha kusambaratika: kava inaruka, betri inaruka, plastiki inapinda na kurudi, na nishati inaondoka na hivyo vipande. Kioo hakipindi hivyo, kinapasuka. Cha kuchekesha ni kwamba iPhone iliyoonyeshwa Januari 2007 ilikuwa na uso wa plastiki. Wakabadilisha kuwa kioo kabla ya mauzo kwa sababu plastiki inachubuliwa na funguo mfukoni. Walichagua mikwaruzo isiwepo, mafundi wa vioo wa Kariakoo wakapata riziki.

Mikono ya samaki

Mama yangu anauza samaki Pangani. Mwaka 2016 nilipopata bumu langu la kwanza chuoni, nilipita Kariakoo nikamnunulia simu janja iliyotumika, Android ya 2011. Kampuni siitaji, maana kosa halikuwa lake peke yake. Nilijiona mtoto mwema. Kitochi chake nikakitia kwenye droo.

Siku ya tatu akanipigia kwa simu ya jirani. "Mwanangu, simu yako hii haitaki mikono ya samaki."

Nilicheka. Baadaye, nikisoma somo la vitambuzi, nikagundua kuwa mama alikuwa ameeleza fizikia vizuri kuliko mhadhara. Skrini ya kugusa ya aina hii ina gridi ya nyaya nyembamba zisizoonekana zenye chaji kidogo. Kidole chako kinapitisha umeme, kwa hiyo kikikaribia kinavuta sehemu ya chaji hiyo, na simu inajua umegusa wapi. Lakini maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme, tena vizuri. Mikono ya muuza samaki ina maji ya chumvi, magamba na mafuta. Simu haioni kidole kimoja, inaona ziwa. Mara inapiga mtu asiyemkusudia, mara inakataa kabisa.

Batani za 1100 zilikuwa zimefunikwa na mpira mmoja usiopitisha vumbi wala matone. Unabonyeza, chini yake kinagusana kitu na kitu, basi. Haijali kidole chako kimetengenezwa na nini. Waliosanifu simu ile waliwafikiria watu wa vumbi na jasho. Waliosanifu skrini ya kugusa walifikiria mkono mkavu ndani ya chumba chenye kiyoyozi.

Usidhani nawashabikia tu wa batani. Batani zilikuwa na mateso yake, na nadhani zimeacha alama kwenye Kiswahili chetu mpaka leo. Kumbuka ulivyokuwa unaandika meseji: herufi ya kwanza ya batani ni kubonyeza mara moja, ya pili mara mbili, na kuendelea. "Nimefika" ni herufi 8 lakini mibonyezo 17, na kati ya "e" na "f" lazima usubiri kwa kuwa ziko batani moja. Kamusi ya kubashiri maneno ilikuwepo, ila kwetu nyumbani tuliizima. Haikutuelewa.

Sasa angalia "sasa". Herufi S iko ya nne kwenye batani ya 7, yaani mibonyezo minne. X iko ya pili kwenye batani ya 9, mibonyezo miwili. "Sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. "Sijui" ni 13, "cjui" ni 9. Walimu wetu wa Kiswahili walitufokea kwamba ni uvivu, wengine wakasema tunafupisha ili meseji isizidi herufi 160. Lakini "xaxa" haijafupisha kitu! Ina herufi nne kama "sasa". Kikomo cha 160 hakiwezi kuieleza, ila mibonyezo inaweza. Hii ni dhana yangu, sijaipima, na anayesema ulikuwa mtindo tu wa kujitofautisha na wazee ana hoja pia, kwa sababu skrini ya kugusa ilipokuja S na X zikawa na bei moja, na bado kuna watu wanakuandikia "xaxa". Mwenye kutafuta mada ya utafiti wa shahada ya kwanza, ichukue.

Nukta ya batani ya tano

Kuna kitu kimoja kidogo kwenye vitochi ambacho huenda hukuwahi kukitazama: kinundu kwenye batani ya 5. Mjomba wangu haoni, na kwake kinundu kile kilikuwa ndiyo simu yenyewe. Kidole kinakitafuta, kikishatua hapo, 2 iko juu, 8 chini, 4 na 6 pembeni. Alikuwa anapiga namba haraka kuliko mimi. Mpe iPhone ya 2007 na umempa kipande cha kioo. Laini, baridi, hakina kitu. Kwa mtu kama yeye, simu iliyosifiwa dunia nzima ilikuwa kurudi nyuma.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimewapendelea wa zamani. Mjomba aliweza kupiga, ila hakuweza kusoma. Meseji ikiingia alimwita mtoto yeyote aliye karibu amsomee. Pesa ikiingia, mtoto alisoma na salio. Watoto wa mtaa mzima walijua mjomba ana shilingi ngapi. Mwaka 2009 iPhone 3GS ilikuja na VoiceOver, simu inayosoma kwa sauti kilicho chini ya kidole, na Android nayo ikafuata na ya kwake. Kile kipande cha kioo kikaanza kuongea. Mjomba alipata simu ya namna hiyo miaka mingi baadaye, na akaweka spika za masikioni. Tangu siku hiyo hakuna mtoto anayejua salio lake. Hakuna kinundu, hata viwe mia, ambacho kingempa hilo.

Ubongo ulikuwa wapi?

Hapa ndipo penye kiini cha ubishi wangu na jedwali. Tazama kalenda ya 2007. Tarehe 9 Januari iPhone inatangazwa Marekani. Mwezi Machi Safaricom wanazindua M-Pesa Kenya. Tarehe 29 Juni iPhone inaanza kuuzwa. Katikati ya kutangazwa na kuuzwa kwa simu "iliyobadilisha dunia", upande wetu wa dunia ulibadilishwa na menyu iliyokaa ndani ya laini. Siyo ndani ya simu: ndani ya laini. Kile kipande kidogo kina kichakataji na hifadhi yake, na M-Pesa ya Kenya iliwekwa humo. Simu ilikuwa ni skrini na batani za kukitazamia tu. Mwaka uliofuata huduma ikafika Tanzania, na hapa tukazoea *150*00#, ambapo hata menyu yenyewe haimo kwenye laini, iko kwenye kompyuta za kampuni, simu yako inaonyesha tu mistari inayotumiwa. Ndiyo maana 1100 ya 2003, iliyotengenezwa kabla huduma haijaota kuwepo, iliweza kuitumia bila kubadilishwa chochote.

Jedwali linasema kitochi kilikuwa kijinga. Si kweli, akili yake ilihifadhiwa mahali pengine, na mahali hapo paliweza kuboreshwa bila wewe kununua simu mpya. Simu janja ilihamishia akili mkononi mwako. Faida ni kubwa, mtu yeyote anaweza kuandika programu bila kuomba ruhusa ya kampuni ya laini. Gharama ni kwamba akili ikizeeka, inazeekea mkononi mwako.

Na hapo ndipo nilipomponza mama. Zamani majina yake yote yalikuwa kwenye laini. Anabadilisha simu, anatoa laini, anaichomeka, wateja wake wote wanahama naye. Ile simu janja niliipanga ihifadhi majina kwenye akaunti ya mtandaoni, niliyomfungulia mwenyewe kwa nywila niliyoitunga nikiwa na haraka ya kuwahi basi. Mwaka uliofuata simu ikagoma kuwaka, ikafutwa kwa fundi ikawa mpya. Inauliza nywila. Mimi sikumbuki. Yeye hajawahi kuijua. Wateja wake wa mkopo, wanaochukua samaki Jumatatu na kulipa mwisho wa mwezi, walikuwa humo, jina na namba na wakati mwingine kiasi wanachodaiwa, maana aliandika "Mama Zuhura 12" akimaanisha elfu kumi na mbili. Waaminifu walirudi wenyewe. Wengine mpaka leo hatujawasikia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Kwenye laini vilikuwa vinakaa," akaenda kwenye droo.

Mwaka 2016, uleule niliomnunulia simu, ulipokuwa unaisha na 2017 kuanza, yalitokea mambo mawili ambayo sikuyajua wakati huo. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 2.2, toleo ambalo IDEOS ilizaliwa nalo. Simu nzima, kioo kizima, betri inashika, lakini kilichowafanya wengi wainunue kimeondoka. Na huko Marekani, AT&T, mtandao ambao iPhone ya kwanza iliuzwa nao, ulizima 2G. Kwa kuwa simu ile haikuwa na 3G, ilinyamaza kwenye nyumba yake yenyewe. 1100 nayo ingenyamaza hapohapo, kwa sababu ileile. Umri wa zote mbili haukuwa umeandikwa kwenye jedwali lolote.

Kwetu 2G bado iko hewani. Mama sasa ana simu mbili. Ya kupangusa inakaa nyumbani kwa ajili ya picha za wajukuu, na nywila yake imeandikwa nyuma ya kalenda ya ukutani kwa mwandiko wake. Ya sokoni ni kitochi. Nilipoenda likizo nilikifungua nikaona mpira wa batani umechakaa kwenye 7 na 4, zile za S na I. Kwenye 5 kinundu bado kipo.